Kuizima Taa ya Breki Si Kuitengeneza Breki

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutajwa tunapozungumzia magonjwa ya mwili wa binadamu, lakini leo nataka kuitumia kwa magari. Katika biashara yetu ya magari yaliyokwisha kutumika umezagaa mtindo wa kuficha maradhi ambao unahatarisha maisha ya watu, na ambao haujadiliwi kwa kiasi unachostahili. Mtindo wenyewe ni ule wa kuizima taa ya manjano yenye herufi ABS kwenye dashibodi, badala ya kuutengeneza mfumo wa breki ambao taa hiyo inautolea taarifa.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa isimu anatafuta nini gereji? Jibu ni kwamba taaluma yangu inahusu ishara, na tatizo hili kimsingi ni tatizo la ishara. Moshi ni ishara ya moto kwa sababu moto ndio unaouzaa. Neno “moto”, kwa upande mwingine, halina uhusiano wowote wa kimaumbile na ndimi za moto; ni makubaliano tu ya wazungumzaji wa Kiswahili. Taa ya ABS ni ishara ya jinsi zote mbili. Huwaka kwa sababu kasoro imeiwasha, na maana yake inafahamika kwa sababu waundaji wa magari duniani wamekubaliana hivyo. Mtu anayeivunja taa hii ili asiione ni sawa na anayepepea moshi utoke dirishani, kisha akajilaza kitandani ilhali nyumba inateketea.

Kwanza tuelewe kazi ya mfumo wenyewe. Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, hasa barabara ikiwa imelowa, magurudumu yanaweza kufungika kabisa ilhali gari lenyewe lingali linakwenda. Gurudumu lililofungika haliviringiki bali huteleza, na gurudumu la mbele linaloteleza halitii usukani. Dereva anaweza kuuzungusha usukani apendavyo ili amkwepe mtoto aliyeingia barabarani, lakini gari litaendelea moja kwa moja. Mfumo wa ABS huyazuia magurudumu yasifungike. Katika kila gurudumu kuna kihisi kinachopeleka habari za mwendo kwa kompyuta. Kompyuta ikibaini kwamba gurudumu moja linapungua kasi kuliko inavyowezekana kwa gari zima, huziamuru vali zilegeze breki ya gurudumu hilo, kisha ziikaze tena, mara nyingi katika sekunde moja. Ndiyo maana dereva huhisi kikanyagio kikitetemeka na kusikia mkwaruzo chini ya boneti.

Wazo hili si geni. Lilitumiwa katika ndege tangu miaka ya 1950, na mnamo 1978 mfumo wa kielektroniki wa kampuni ya Bosch ulianza kuuzwa katika magari ya Mercedes-Benz S-Class. Kilichokuwa anasa ya matajiri wakati huo sasa kimo katika magari madogo yanayoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani. Mwananchi wa kawaida amekuwa mmiliki wa teknolojia hii, pengine bila ya yeye mwenyewe kufahamu.

Taa ya ABS inapowaka na kubaki ikiwaka, kwa kawaida maana yake ni kwamba kompyuta imegundua kasoro na imejitoa kazini. Breki za kawaida zingali zinafanya kazi; gari litasimama, lakini magurudumu yanaweza kufungika. Hapa ndipo hoja potovu inapozaliwa. Utamsikia dereva akisema, “Mbona breki zinashika vizuri? Taa hii ni usumbufu tu.” Kweli zinashika, na zitaendelea kushika hadi siku ile mvua itakaponyesha na lori lisimame ghafla mbele yake. Ulinzi wa ABS haujulikani thamani yake siku za kawaida, kama vile mlinzi wa usiku asivyojulikana thamani yake usiku ambao wezi hawakuja. Aidha, taa ya manjano ikiandamana na taa nyekundu ya breki, mambo yamechacha zaidi. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au mgawanyo wa nguvu za breki baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umevurugika. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa hata hatua moja zaidi ya kulitoa barabarani.

Kuna wanaodai kwamba barabara zetu za changarawe hazihitaji ABS. Dai hili lina chembe ya ukweli, kwa kuwa kwenye changarawe gurudumu lililofungika hujikusanyia kifusi mbele yake, na gari linaweza kusimama mapema kuliko likiwa na ABS. Hata hivyo, usukani haumtii dereva wa gari hilo. Isitoshe, gari linalokwenda Kangundo kwa barabara ya vumbi asubuhi ndilo hilo linalorudi Nairobi kwa lami iliyolowa jioni.

Sasa tuitazame hila yenyewe. Wapo wanaoing'oa balbu. Wapo wanaobandika karatasi nyeusi nyuma ya kioo cha dashibodi. Wale wajanja zaidi huuunganisha waya wa taa ya ABS na waya wa taa nyingine, kwa mfano ile ya mafuta ya injini, ili taa zote mbili ziwake ufunguo unapozungushwa na kuzimika pamoja injini inapowaka. Mnunuzi huona taa imewaka na kuzimika, akaridhika, akalipa. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, aliwahi kulipeleka gari lake kwa fundi ambaye sitamtaja. Fundi alimjibu kwa upole, “Mzee, usijali, hiyo taa nitakutolea, haitakusumbua tena.” Zingatieni lugha hiyo. Kilichotajwa kuwa msumbufu ni taa, wala si kasoro. Lugha ilikuwa imekwisha kuibadilisha dalili ikawa ndiyo ugonjwa, na kutoka hapo tiba ya uongo ikaonekana kuwa tiba halisi.

Kwa nini watu hukubali hila hii? Sababu kuu ni hofu ya gharama. Imeenea imani kwamba taa ya ABS ikiwaka ni lazima pampu nzima na kompyuta yake zibadilishwe, nazo ni ghali kweli. Lakini mara nyingi kasoro huwa katika sehemu duni kabisa za mfumo: kihisi kilichojaa uchafu, waya uliokatika, au pete ya meno iliyoliwa na kutu. Magurudumu ndiyo yanayopigwa na matope, mawe na maji. Magari yaliyotumika katika majimbo ya Japani yenye theluji huwa yametembea juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi, na chumvi ni adui wa chuma na wa viungo vya waya. Kwa hiyo mwenye gari huogopa ugonjwa wa moyo ilhali kinachomuuma ni mwiba wa mguuni.

Tiba huanza kwa kuisikiliza kompyuta. Mfumo wa ABS ukigundua kasoro huihifadhi kwa namba ya msimbo. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka iliyopita hata mashine ya kusoma misimbo haikuhitajika. Fundi aliunganisha kwa waya matundu mawili ya soketi iliyo chini ya usukani, lile la 13 liitwalo TC na lile la 4 liitwalo CG, kisha akauzungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS ilianza kupepesa. Ikipepesa mara tatu, ikatua, kisha ikapepesa mara moja, msimbo ni 31, na maana yake ni kwamba kasoro iko upande wa gurudumu la mbele la kulia. Fikirini jambo hilo. Taa ileile inayong'olewa kwa kuwa ni msumbufu ndiyo iliyopewa ulimi wa kulitaja gurudumu lenye kasoro. Anayeing'oa amemuua shahidi kabla ya kesi kusikilizwa.

Hata hivyo, kusoma msimbo si kumaliza kazi, na hapa mafundi wengi hujikwaa. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa, bali hutaja mahali malalamiko yalikotokea. Msimbo C0200 katika Toyota husema kwamba habari kutoka gurudumu la mbele la kulia haziji inavyopasa. Yawezekana kihisi kimekufa. Yawezekana pia waya umekatika, kiungo kimeingia maji, pete ya meno imevunjika, au beringi imelegea. Fundi anayenunua kihisi kipya mara tu aonapo msimbo ni sawa na mfasiri anayelitoa neno katika kamusi bila kuisoma sentensi nzima. Neno hupata maana katika muktadha, na msimbo nao vivyo hivyo.

Muktadha huo hupatikana kwa hatua ambazo si za ajabu. Kwanza fundi na ayatazame magurudumu. Je, tairi zote zina ukubwa mmoja? Tairi ya akiba iliyo ndogo kuliko nyingine huzunguka kwa kasi tofauti, nayo kompyuta inaweza kudhani kwamba kuna kasoro. Je, hali ya betri ikoje? Umeme ukipungua, kompyuta huweza kulalamika ilhali breki hazina neno. Kisha, akiwa na mashine, asome mwendo wa magurudumu yote manne gari likiendeshwa polepole. Ikiwa matatu yanaonyesha kilomita 20 kwa saa na la nne linaonyesha sufuri, au linarukaruka, amekwisha kumjua mgonjwa.

Baada ya hapo, akichunguze kihisi chenyewe. Mafundi wetu hukiita sensa. Najua wapo wasanifishaji wa lugha watakaonung'unika kwamba sensa ni ile hesabu ya watu, lakini mimi naona mafundi hawakukosea sana, maana kazi ya kifaa hiki ni kuhesabu meno ya pete yanavyopita mbele yake. Vihisi ni vya aina mbili. Kile cha zamani kina sumaku na waya uliozungushwa, na huzalisha umeme wake chenyewe pete inapozunguka. Hiki hupimwa kwa mita, na katika magari mengi ukinzani wake huwa baina ya takribani omu 800 na 2,000. Jambo la busara ni kukilinganisha na mwenzake wa upande wa pili. Waya utikiswe huku ukipimwa, kwa kuwa waya uliokatikia ndani ya ngozi yake huweza kuonekana mzima ukiwa umetulia. Kihisi cha kisasa huhitaji kupewa umeme na kompyuta ndipo kifanye kazi. Hiki kisipimwe kwa mita ya omu, kwani kipimo hicho hakitoi jibu la maana na kinaweza kukiharibu. Hapa fundi hupima kwanza kama umeme unakifikia, kisha kama ishara inatoka.

Magari mengi ya kisasa hayana pete ya meno inayoonekana. Badala yake kuna pete ya sumaku iliyofichwa katika upande mmoja wa beringi. Upande huo kwa macho ni kama mwingine wowote. Fundi asiyejua jambo hilo huibadilisha beringi iliyokuwa ikivuma, akaitia nyuma mbele, na taa ya ABS ikawaka siku hiyohiyo. Mteja hurudi na kuambiwa kwamba kihisi kimekufa. Hununua kipya, taa ikabaki ileile. Mwishowe huambiwa abadilishe kompyuta. Msururu wote huo wa gharama ungeepukwa kwa kuijua sura moja ya beringi.

Kuna dalili nyingine inayofaa kujulikana na kila dereva. Ikiwa kikanyagio hutetemeka gari linapokaribia kusimama taratibu kwenye lami kavu, bila dharura yoyote, yafaa kushuku pete ya meno iliyopasuka au kihisi chenye uchafu. Pete ikiwa na ufa, kihisi huona pengo lisilostahili kuwapo, na kompyuta hudhani gurudumu linafungika. Huilegeza breki wakati ambapo dereva anaihitaji. Katika hali hii taa huenda isiwake kamwe, kwa hiyo asiyeijua dalili hii huendelea kulaumu vitambaa vya breki.

Ikithibitika kwamba kasoro imo ndani ya pampu au kompyuta, bado si lazima kukimbilia mpya. Mara nyingine viungo vya risasi ndani ya kompyuta huachana, na fundi wa elektroniki aliye hodari anaweza kuvirudisha. Anayenunua iliyotumika na ahakikishe kwamba namba zake zinalingana na za ile ya zamani. Hewa iliyoingia ndani ya pampu haitoki kila mara kwa kukanyaga na kufungua skrubu pekee. Magari mengi huhitaji mashine ya kuziamuru vali zifunguke wakati wa kuitoa. Na mafuta ya breki yasisahaulike. Hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo huzilia kutu vali nyembamba na kushusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya sharti yastahimili angalau digrii 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka; yakiisha kunywa maji, kipimo kinachokubaliwa hushuka hadi 140. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya pampu.

Haya yote si habari za gereji tu. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, watu zaidi ya 4,000 waliangamia katika barabara za Kenya kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Mwendo wa kasi, ulevi na uzembe vina sehemu kubwa ya lawama. Lakini taifa linalozika watu wengi kiasi hicho haliwezi kumudu kukiondoa kifaa cha uokoaji kwa sababu taa yake inakera macho. Mnamo 2025, mamlaka hiyo ilipoleta rasimu ya kanuni za ukaguzi zilizopendekeza kwamba magari ya kibinafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne yakaguliwe, mjadala ulizuka. Wengi walilalamikia ada na wakahofia kwamba ukaguzi ungegeuka uwanja wa hongo. Malalamiko hayo hayakuwa ya kupuuzwa. Lakini tulijadili nani akaguliwe na alipe nini, tukasahau kuuliza ukaguzi utatazama nini hasa. Mkaguzi anayepima nguvu za breki na kuangalia tairi, asiangalie kama taa ya ABS huwaka na kuzimika inavyopasa, amelipitisha gari ambalo ushahidi wake umefichwa.

Kwa maoni yangu mambo matatu yanahitajika. La kwanza, uchunguzi wa taa za tahadhari na usomaji wa misimbo uwe sehemu ya lazima ya ukaguzi wowote wa gari lenye ABS, na kuizima taa kwa hila kuhesabiwe kuwa kosa la muuzaji. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na habari za kumwezesha kunufaika nazo. Taa iliyoongopeshwa ni habari iliyoibwa.

La pili linaihusu taaluma yangu moja kwa moja. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kwa Kiingereza, ilhali gereji za Barabara ya Kirinyaga na kwingineko huzungumza Kiswahili, Sheng na lugha za mama. Kijana aliyejifunza kazi miguuni pa fundi mkuu, bila kupita chuoni, hana kitabu cha lugha anayoifahamu kinachomweleza tofauti ya kihisi cha sumaku na kihisi cha umeme. Ni hodari wa mikono na macho, lakini maarifa yamefungiwa katika lugha iliyo mbali naye. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Kama tunaweza kukitumia kuchambua tamthilia na mashairi, hatuna udhuru wa kutokitumia kuandika mwongozo wa breki. Wanaisimu na mafundi waketi pamoja, istilahi za gereji zikusanywe badala ya kudharauliwa, na vitabu viandikwe.

La tatu ni jukumu la mnunuzi mwenyewe. Kabla ya kutoa pesa zako, msomaji mpenzi, zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS iwake. Katika magari mengi itazimika yenyewe baada ya sekunde tatu hivi, huku ile ya mafuta ya injini ikiendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, imeuawa. Ikingoja hadi injini iwake ndipo izimike sambamba na ile ya mafuta, uwe na shaka kwamba zimefungwa kamba moja. Kisha liendeshe gari, kwa maana kompyuta haiwezi kuwachunguza mashahidi wake wanne hadi magurudumu yazunguke. Ukiona taa imewaka, usikate tamaa wala usikubali kutishwa na bei ya pampu. Dai msimbo usomwe mbele ya macho yako, na uulize sababu ya kila kifaa unachoambiwa ukinunue. Fundi mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo, na yule atakayekuambia kwamba anaweza kukutolea taa, mshukuru, kisha uliondoe gari lako katika gereji yake.